Mama Dokta na Kiti chake cha Kijani

Kabla ya kutazama kinywa cha mtu, Mama Dokta aligonga mkono wa kiti mara mbili kwa kifundo cha kidole, kisha akangoja kidogo. Wagonjwa wengine walidhani anapima kama kiti ni kizima. Wengine walinong'onezana kwamba ile ni dawa ya kwao. Mimi nilikaa mlangoni na daftari la wagonjwa, na mtu wa mlangoni hujifunza kuuliza, basi nilimwuliza mapema.

"Sekretere," akaniambia kwa Kiswahili cha Lubumbashi, ambamo njo ni ndiyo, "kinywa ya mutu njo nyumba yake. Utaingila mu nyumba ya mutu bila kupiga hodi?"

"Na kama hajibu?"

"Akifungua, amejibu."

Alizaliwa na nani, nyumba ya ngapi, ukoo gani, sikuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kusema. Nilichojua kilitosha. Alitoka Benin, alisomea meno hukohuko, na alifika Lubumbashi akiwa tayari anavaa miwani ya kusomea. Alikuja na masanduku mawili, moja la nguo na moja la koleo, na lile la koleo ndilo lililokuwa zito. Siku alipopata namba yake ya usajili kama daktari wa meno katika nchi yetu, alipita kwanza kazini kwetu, hata kabla ya kwenda kula. Karatasi alikuwa ameifunga kwa plastiki tatu, kama samaki anayesafirishwa mbali.

"Sasa niko docteur ya huku," akasema.

"Na jana ulikuwa docteur ya wapi?" nikamwuliza.

"Jana nilikuwa mwanamuke mwenye sanduku nzito."

Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu, na alikisema mara nyingi hivi kwamba hata mlinzi wa lango aliweza kukimalizia. Alitaka kiti cha meno ambacho angefanyia kazi bila mtu kusimama nyuma ya bega lake. Hakutaka nyumba ya ghorofa wala gari refu. Alitaka kiti, na nyuma ya bega lake, hewa.

Miaka mingi baadaye, alipokuwa amekwisha kujulikana, kila daktari wa meno mgeni aliyepata namba yake mpya alielekezwa nyumbani kwake Bel-Air. Walitoka Burundi, Kameruni, Togo, mmoja alitoka Madagaska. Walikuja na swali moja: sasa niende wapi? Mama Dokta hakumjibu mtu mwenye njaa. Alipika bukari, ule ugali wetu, akakaanga samaki, na mgeni aliponawa mikono, akampangia njia zote juu ya meza. Chupa ya chumvi ilikuwa kabine, yaani kliniki ndogo ya meno, ya mtu mwingine, ambako utakuwa msaidizi. Kikombe kilikuwa kliniki ya mgodi. Mfupa wa samaki ulikuwa barabara ya vijijini. Na lile donge la bukari katikati, lenye mvuke, lilikuwa kiti chako mwenyewe.

"Na pilipili?" mgeni wa Kameruni aliuliza siku moja.

"Pilipili njo ba papiers," akajibu, yaani karatasi za ofisini. "Iko mu kila njia."

Hakuwahi kumwambia mgeni achague ipi. Alisimulia tu, na mgeni alirudi nyumbani ameshiba na amechanganyikiwa. Ila mimi nilikuwako kwenye njia zile, au karibu nazo, na ninaweza kuzieleza kwa utaratibu kuliko yeye, kwa sababu yeye kila aliposimulia alisimama, akarusha mikono, na akasahau chakula motoni.

Chumvi ilikuwa kabine ya mzee mmoja katikati ya mji, ambako mimi nilikuwa nimeajiriwa kabla yake. Mzee alijua kazi, hilo silipingi. Lakini kila Mama Dokta alipoinama juu ya mgonjwa, Mzee aliinama juu ya Mama Dokta, akipumua harufu ya pipi za mnanaa. "Doucement, madame, pole pole. Huku si kwenu." Mama Dokta alijibu bila kugeuka, "Jino haina pasipoti, Muzee." Walikwenda hivyo miezi na miezi, watu wawili juu ya kinywa kimoja, na mgonjwa chini yao akiwatazama kama mtoto anayetazama wazazi wakigombana.

Hapo ndipo lilipotokea lile jambo la jino, ambalo lilimtoa kwa Mzee na, bila yeye kujua, likamwekea msingi wa mengine yote.

Alikuja bibi mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mama wa mfanyabiashara mwenye malori yanayobeba mizigo kati ya Lubumbashi na mpaka. Jino lake la nyuma lilikuwa limemkosesha usingizi. Mama Dokta aligonga kiti, akachoma sindano, akamsimulia bibi habari za bei ya vitunguu, na bibi alipofungua kinywa kupinga bei, jino lilikuwa tayari nje. Kazi safi kabisa. Mama Dokta akatupa jino kwenye ndoo, akanawa mikono, akamwita anayefuata.

Saa moja haikupita, bibi alirudi. Safari hii hakuwa peke yake. Alikuja na mwanawe mwenye malori, wakwe wawili, shemeji, na watu wengine ambao sikuwahi kujua ni akina nani. Walijaa barazani kwangu mpaka nikabebwa na kiti changu ukutani.

"Jino ya mama iko wapi?" mwenye malori aliuliza kwa upole mkubwa, ule upole unaotisha.

Mama Dokta akatoka na barakoa yake. "Jino? Nimeitupa. Ilikuwa imeoza."

Mimi mwenyewe nilishika kichwa. Kwetu, jino linalotoka kwako linarudi nawe nyumbani. Mwingine hulitupa juu ya paa, mwingine hulifukia nyuma ya jiko, mwingine hulificha mahali asipomwambia hata mumewe. Kumwachia mtu usiyemjua jino lako ni sawa na kumwachia ufunguo wa nyumba na kumwambia saa unazolala. Mzee alikuwa akiwapa wagonjwa meno yao kila siku, bila hata kufikiri, kama vile mtu anavyorudisha chenji. Sikumwambia Mama Dokta kwa sababu sikujua kwamba duniani kuna mtu asiyelijua hilo.

"Iko wapi ile ndoo?" aliniuliza kwa sauti ndogo.

Ndoo ilikuwa imekwisha kumwagwa kwenye shimo la kuchomea taka nyuma ya nyumba. Asante Mungu, kiberiti kilikuwa kimelowa asubuhi ile. Mama Dokta akavaa glavu mbilimbili, akakunja koti jeupe kiunoni, akashuka shimoni. Familia nzima ikasimama ukingoni, ikimwelekeza. "Upande wa kushoto, Docteur!" "Hapana, chini ya ile pamba!" "Ile ni kokoto, Docteur, acha!" Alitoka amejaa majivu mpaka kwenye nyusi, na kiganjani mwake mlikuwa na meno manne.

Akayaosha, akayapanga kwenye sahani ya chuma, akapiga goti mbele ya bibi. "Mama, unisamehe. Sikujua. Sasa sijui ni gani yako."

Bibi akaomba miwani. Akaipangusa. Akainama juu ya sahani kama mtu anayetafuta jamaa kwenye picha ya harusi. Kisha kidole kikatua bila shaka yoyote.

"Njo huyu. Amenisumbua mwezi muzima, naweza kumusahau namna gani?"

Watu walicheka mpaka mkwe mmoja akakaa chini. Bibi mwenyewe alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, ule usio na ganzi. Ni mwanawe tu ambaye hakucheka. Alikuwa akitazama viatu vya Mama Dokta, vile viatu vyeupe vya kazi vilivyogeuka vyeusi, akatikisa kichwa polepole, wakaondoka.

Mzee hakuona la kuchekesha. Alisema daktari aliyeingia shimo la taka mbele ya wagonjwa ameiletea kabine haya. Alisema pia, "Nilikuambia huku si kwenu." Mama Dokta akamjibu, "Muzee, leo njo siku ya kwanza nimeona huku ni kwetu," akaenda kutafuta sanduku lake.

Tangu hapo, kokote alikofanya kazi, alikuwa na bahasha ndogo za kaki. Jino likitoka, alilisafisha, akalitia ndani, akaandika jina la mwenyewe na mahali lilipokuwa, juu kulia au chini kushoto, akalikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi zawadi ya ubatizo. Watu walizipenda zile bahasha. Najua familia iliyoziweka pamoja na vyeti vya shule.

Zilimfukuzisha kazi kwenye kikombe, yaani kliniki ya mgodi. Huko alipewa kiti kilichojua kupanda, kushuka na kujilaza chenyewe, nyumba yenye maji ya moto, na dereva. Jumapili alikuja kutusimulia, nasi tulikaa tukimeza mate. Lakini nyuma ya bega lake sasa alisimama kijana mwenye fomu, akihesabu dakika. Kila kinywa kilikuwa na dakika zake, na fomu haikuwa na mahali pa kuandika hodi. Tena sheria ya kliniki ilisema meno yaliyong'olewa yaende kwenye sanduku la manjano, yachomwe. Sheria nzuri, kwa kweli, ya usafi. Mama Dokta aliisoma, akaisaini, na jioni ileile akajaza mifuko ya koti bahasha za kaki, ili awagawie wenyewe nje ya lango.

Sasa, kila anayetoka mgodini hupekuliwa, watu wasiondoke na mawe yenye madini mfukoni. Mlinzi alitia mkono kwenye mfuko wa Mama Dokta, akasikia vigumu vidogo vidogo vikilia ndani ya karatasi. Macho yakamtoka. Akaita mkubwa wake. Mkubwa akaita mkubwa mwingine. Wakaweka kitambaa mezani, wakafungua bahasha ya kwanza kwa ncha ya kalamu.

"Docteur, hii ni nini?"

"Ni meno."

"Ya nani?"

"Ya benyewe. Majina iko juu."

Yule mkubwa akaanza kusoma majina kwa sauti ya kiofisi, moja baada ya jingine, na alipofika bahasha ya sita akaisoma mara mbili. Lilikuwa jino lake mwenyewe, la Jumanne. Akalitia mfukoni, akafunga kitambaa, akamwambia Mama Dokta apite. Lakini habari ilikuwa imekwisha kufika kwa kijana wa fomu, na kabla mvua za mwaka ule hazijakatika, Mama Dokta na kliniki walikuwa wameachana, kwa adabu, kwa barua yenye maneno mazuri pande zote mbili.

Mfupa wa samaki ulikuwa Kilwa, kwenye ziwa Mweru. Barabara ilimla siku tatu na magurudumu mawili. Alifanya kazi kwenye ghala la samaki, mgonjwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, na yeye amebanwa kati ya kiti na ukuta. "Nyuma yangu hapakuwa mutu," alisema, "sababu ukuta ilikuwa karibu sana. Lakini mbele! Mbele mji wote." Wavuvi waliacha nyavu waje kutazama. Jino lilipotoka, walipiga makofi. Lilipokataa, walitoa mashauri. Mwanamke mmoja alimletea mumewe akasema, "Docteur, ukimaliza jino, angalia pia kama unaweza kutosha nje ile tabia ya kusema bongo," yaani uongo. Alirudi amekonda, ana furaha, amejaa harufu ya samaki, na koleo zake zimepata kutu kwenye bawaba. Angerudi tena kama mvua isingeifunga barabara. Kila mara aliposikia neno Kilwa aliweka mkono kifuani.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na mambo yake. Aliwahutubia watoto kuhusu sukari mpaka wakalia, na mimi nilijua chini ya meza yake kuna chupa ya soda ya machungwa. Siku moja mtoto wa jirani alimkuta akiinywa.

"Mama Docteur! Si ulisema sukari ni mubaya?"

"Nilisema ni mubaya kwa meno yako. Yangu inanijua."

Alitaka kila mgonjwa afike kwa saa, na yeye alichelewa hata kwenye misa ya Pasaka. Alisema watu wa Lubumbashi wanapenda sana heshima za vyeo, na ole wako umwite "mama" tu bila "Dokta". Damu haikumtisha, jipu halikumtisha, mwanamume mzito anayezimia kitini hakumtisha. Kuku ndiye aliyemtisha. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye wazazi wake walitoka Kasai, alitengenezewa meno ya bandia yakamkaa vizuri, akaja kushukuru na jogoo mzima mkononi, amemfunga miguu. Jogoo akafunguka. Nilisikia kelele, nikaingia, nikamkuta Mama Dokta amesimama juu ya kiti cha wagonjwa, na viatu, ameshika koleo kwa mikono miwili.

"Docteur, shuka, huyu hana meno!" Mwalimu alimwambia.

"Njo maana namuogopa! Nitamukamata wapi?"

Kiti kile alichosimama juu yake ndicho kiti chenyewe, kile cha kijani, donge la bukari. Nieleze kilivyofika.

Alikisikia kutoka kwa daktari mmoja aliyekuwa akistaafu Ndola, ng'ambo ya mpaka. Kilikuwa kiti cha zamani, kizito kama ng'ombe, ngozi ya kijani, cha kukanyagwa kwa mguu, kisichodai umeme isipokuwa kwa taa. Kwa mji wenye umeme wa kukatikakatika kama wetu, hicho ndicho kiti. Akakinunua. Kikapakiwa kwenye treni, kikafika Sakania, upande wetu wa mpaka, na hapo kikakwama kwenye ghala la mtu binafsi kikisubiri karatasi moja. Pilipili, kama alivyosema. Karatasi ilichelewa. Mama Dokta alikonda. Alikuwa amekwisha kupanga chumba Bel-Air, amenitoa kwa Mzee nimshikie daftari, amepaka kuta, amepima sakafu kwa hatua zake, na katikati ya chumba alikuwa amechora kwa chaki mahali pa kiti. Wagonjwa walipita wakiangalia lile duara la chaki. Alianza kuogopa kwamba atazeeka akilizunguka.

Karatasi ilipopatikana, hapakuwa na wa kukibeba. Wenye magari walisikia uzito, wakakataa. Ndipo asubuhi moja lori la bluu lilisimama mbele ya lango la Bel-Air, na akashuka yule mwanamume wa Kivu, mwana wa bibi wa jino. Sikuwa nimemwona tangu siku ya shimo.

"Nasikia uko na kintu ku Sakania," alimwambia Mama Dokta.

"Niko na kiti. Lakini iko muzito sana, papa."

"Mama yangu alikufa mwaka jana," akasema. "Tulimuzika na meno yake yote, ata ile ya mu shimo. Panda mu lori."

Tukaondoka asubuhi ileile. Nilikaa katikati yao, magoti yangu kwenye gia, na Mama Dokta aliimba nyimbo za kwao njia nzima kwa sauti ambayo, Mungu anisamehe, si ya kuimbia.

Ghalani tulikiona kiti mbali, kati ya mifuko ya saruji. Kilikuwa kimelazwa kabisa, na juu yake, chini ya blanketi, alilala mlinzi wa ghala. Alikuwa amegundua kikanyagio. Alikuwa amegundua hata mahali pa kuwekea kikombe.

"Bwana," Mama Dokta akamwita. "Bwana! Ni kiti yangu."

Mlinzi akafungua jicho moja. "Kiti? Mama, hii ni kitanda ya docteur. Nililala hapa wiki tatu, mugongo yangu imepona."

"Mugongo imepona. Na ile shavu?"

Shavu lake lilikuwa limevimba kama ameficha limau. Mlinzi akalishika, akageuza uso. Akasema si kitu, ni baridi. Akasema pia, akiondoa blanketi kwa huzuni, kwamba hajalala upande ule tangu Jumapili.

Mama Dokta alinitazama. Nikajua. Nikaenda kuleta sanduku la koleo kutoka lorini, maana bila hilo alikuwa haendi hata sokoni. Akavaa glavu. Mwenye malori akashika tochi. Akagonga mkono wa kiti mara mbili, akangoja, na mlinzi akafungua kinywa. Kabla ya kuinama, nilimwona Mama Dokta akifanya jambo ambalo sidhani alijua analifanya: aligeuza kichwa, akaangalia nyuma ya bega lake. Hapakuwa na mtu. Mifuko ya saruji tu, na mlango wazi, na reli. Akabaki anaangalia pale muda kidogo, akaitabasamia saruji, kisha akageuka akafanya kazi yake. Mlinzi alilia kidogo alipokabidhiwa bahasha, na alilia zaidi kiti kilipopakiwa.

Miaka ilifuata, ile miaka ya meza na wageni na bukari. Magoti yangu yalipoanza kulalamika nilimwachia daftari mwingine, nikahamia kwa binti yangu upande wa pili wa mji, na tulibaki kupigiana simu. Kisha, miezi michache iliyopita, jino langu mwenyewe liliniamsha. Nilikwenda Bel-Air bila kutoa habari.

Mama Dokta alinikumbatia mpaka nikaona nyota. Akaniambia sasa kuna daktari mpya kabineni, msichana wa Bujumbura, amepata namba yake juzi juzi, mkono mzuri, akili nzuri, "na leo atakufanyia yeye, Sekretere, mi nitakuwa pembeni tu." Daktari mpya alinisalimia kwa adabu, akanilaza kwenye kile kiti cha kijani, akanichoma sindano ambayo sikuisikia.

Mtu aliyelala chali kwenye kiti cha meno anaona mambo ambayo waliosimama hawayaoni. Niliona uso wa daktari mpya, jasho limeanza kwenye paji. Na juu ya bega lake, kama mwezi juu ya mlima, nikaona kidevu cha Mama Dokta.

"Pole pole," kidevu kikasema. "Si vile. Geuza mukono. Huku kwetu tunaanzaka ku upande wa ndani."

"Ndiyo, Mama Dokta."

"Pole pole, nimesema."

"Ndiyo, Mama Dokta."

Msichana akabadili mshiko wa koleo, kisha akaurudisha. Mara ya kwanza jino liliponyoka kwenye koleo, aliomba samahani, na hakuniomba mimi, aliliomba bega lake. Nilijua anachokiona usiku akifunga macho, kwa sababu nilikuwa nimekiona kikimtokea mwingine, miezi na miezi, kwa harufu ya mnanaa. Na mimi, niliyekuwa mtu pekee chumbani anayeweza kusema neno, nilikuwa na pamba mbili, bomba la mate na ulimi uliokufa nusu.

Nikasema, "Wewe oka ije."

"Anasema nini?" Mama Dokta akauliza. "Inaumia?"

Nikainua mkono. Nikamwonyesha yeye kwa kidole, kisha nikaonyesha mlango.

Aligeuka kuona nani ameingia. Hakukuwa na mtu. Akanirudia. Nikamwonyesha yeye tena, na mlango tena, na nikakaza macho. Niliona likimfikia polepole, kwanza kwenye nyusi, kisha kwenye mdomo. Alijiangalia mahali aliposimama. Akaangalia bega la msichana lililokuwa karibu kumgusa shingo. Akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Mi?" akasema. "Mi pia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Aa, Bon Dieu," akasema, akacheka kicheko kifupi, akavua glavu, akatoka na kuufunga mlango nyuma yake.

Chumba kikawa kikubwa. Msichana alivuta pumzi, nikahisi joto lake usoni. "Mama, uniambie kama unasikia maumivu," akasema, na mkono wake ulipoingia tena kinywani mwangu ulikuwa mkono mwingine kabisa. Nikatulia, nikatazama dirishani. Niliona kichwa cha Mama Dokta kikipita uani kwenda kushoto. Kikapita kwenda kulia. Kikapotea. Nilisikia kitu kizito kikiburutwa ukutani, na polepole sana, juu ya ukingo wa dirisha, vikachomoza nywele, miwani, na macho mawili makubwa kama ya bundi.

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka kwa tumbo lote na kinywa wazi, na katikati ya kicheko kile nilisikia mshindo mdogo ndani ya taya, na msichana akasema, kwa mshangao mkubwa kuliko wangu, "Limetoka!"

Macho yalitoweka. Tofali likaanguka uani. Kisha ikaja sauti ya Mama Dokta, ikiwaambia wagonjwa waliokuwa wakingoja kwenye benchi, kwa heshima yote ya mwenye nyumba:

"Munaangalia nini? Mwenye kufuata aingie, Docteur yuko ndani. Mi niko naangalia rangi ya ukuta, inaanza kubanduka."

Ukuta ule ulikuwa umepakwa juma lililopita.